Fungu Letu

Nikimwambia mtu wa Nairobi kwamba mimi ni mwanaikolojia wa bahari, najua maswali mawili yanakuja. La kwanza ni kama nimewahi kukutana na papa. La pili huulizwa kwa sauti ya chini, vile mtu anavyoulizia mgonjwa wa jirani: "Kwani ni ukweli bahari inakufa?" Kabla sijajibu, wengi huanza kunihesabia mazuri yao. Wameacha mirija ya plastiki. Wanatembea na chupa yao ya maji. Kisha wananiangalia kama mwanafunzi anayesubiri alama.

Mimi sina ugomvi na mirija. Kinachonisumbua ni kwamba swali kubwa tumeliruka. Bahari inabadilika, hilo halina ubishi tena. Swali ni nani anafaa kufanya nini, na kiasi gani. Ukikosea hesabu hiyo, utamdai asiyekukopa na umwache mdeni wako akipita zake.

Acha kwanza nieleze kazi yenyewe, maana watu hudhani ni kuogelea na pomboo.

Maji yakiwa mafu na bahari imetulia, tunatoka na boti asubuhi hadi kwenye mwamba. Nashuka, nalaza utepe wa kupimia wa mita 10 juu ya mwamba, kisha nasogea polepole nikiandika kilicho chini ya kila sehemu ya utepe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Naandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, kwa sababu penseli huandika hata chini ya maji. Mwenzangu anahesabu samaki na kukadiria urefu wao. Mwaka unaofuata tunarudi palepale. Kazi hii inafanana zaidi na ya karani wa ghala kuliko ile ya televisheni. Kipi kipo, kipi kimeondoka.

Tumbawe lenyewe si jiwe, ingawa nyumba za kale za Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe yake. Ni mnyama. Ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, na ndani ya miili yao unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenye nyumba. Ni kama mpangaji anayelipa kodi kwa unga. Maji yakizidi joto, mpango huo unavunjika na tumbawe linamtoa mpangaji nje. Rangi inaondoka naye. Unachobaki kuona ni mfupa mweupe kupitia ngozi isiyo na rangi. Hapo tumbawe bado halijafa, lina njaa. Joto likishuka mapema, mwani unaweza kurudi. Likikaa wiki nyingi, tumbawe linakufa, na mwani wa aina nyingine, ule wa utelezi, unaota juu ya mifupa.

Na joto lenyewe si la kuchemsha chai. Nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, ikikaa wiki kadhaa, inatosha.

Sisi tuliliona hili mapema kuliko wengi. Mwaka 1998, baada ya El Niño kali, sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe yaliyokuwa hai. Wavuvi wenye umri wa wazazi wangu bado wanautaja mwaka huo, ingawa wengine hawakujua kilichotokea hadi miaka baadaye. Walichojua ni kwamba mwamba "uligeuka chokaa". Mwaka 2016 joto likarudi. Kisha kaskazi ya 2024 ikaja, na Aprili mwaka huo wanasayansi wakatangaza kwamba kupauka kwa matumbawe kumeenea duniani kote, kwa mara ya nne tangu kuanza kurekodiwa. Tumbawe la matawi likikua vizuri huongeza sentimita kadhaa kwa mwaka. Yale makubwa ya mviringo huongeza kama sentimita 1. Sasa piga hesabu mwenyewe: mapigo yanakuja kwa kasi gani, na kidonda kinapona kwa kasi gani.

Miezi michache baada ya kaskazi hiyo nilikuwa kwenye mkutano wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, ile BMU, katika kijiji kimoja cha Kwale. Kijiji hicho kina tengefu. Kwa asiyejua, tengefu ni kipande cha bahari ambacho wavuvi wenyewe wamekubaliana kutokivua. Mfano unaojulikana zaidi uko Kuruwitu, kule Kilifi, ambako wavuvi walifunga kama hekta 30 mwaka 2005, na vijiji vingine vikafuata. Nilikuwa nimekuja kuwasomea matokeo. Niliwaambia ukweli: ndani ya tengefu matumbawe yamepauka, na nje ya tengefu yamepauka.

Mzee mmoja akainua mkono. "Mwanangu, mimi nina swali dogo tu."

Yeyote aliyewahi kukaa barazani anajua kwamba swali dogo la mzee si dogo.

"Mlikuja hapa mkatuambia tufunge, tukafunga. Vijana wetu sasa wanaenda mbali, na mafuta ya mashine wananunua wao. Wake zetu wananunua samaki wa barafu wa watu wengine ndio wapate cha kukaanga. Leo unasema joto limeingia hadi ndani ya tengefu. Limepita wapi, na sisi tumefunga? Huo mlango uko wapi, tuutie kufuli?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na huyo aliyelileta hilo joto, yeye amefunga nini?"

Nimesoma miaka mingi, na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Lina nusu mbili, na watu wengi wakijibu hujibu nusu moja tu.

Nianze na ya pili. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo binadamu tumelinasa kwenye sayari hii limeingia baharini. Kama robo ya hewa ya kaboni tunayotoa huingia humohumo pia, na ndiyo maana maji ya bahari yanazidi kuwa na asidi. Bahari imetubebea mzigo ambao, ungebaki hewani, tusingekuwa hapa tukisoma makala. Mzigo huo ni wa nani? Marekani peke yake imetoa karibu robo ya kaboni yote iliyotoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Afrika nzima, yenye zaidi ya mtu 1 kati ya kila watu 6 duniani, inatoa takriban asilimia 4 kwa mwaka. Kenya haifiki asilimia 1. Mvuvi wa Kwale mwenye mtumbwi wa tanga, fungu lake kwenye moto huu halionekani hata kwa darubini.

Nimekaa kwenye warsha nyingi, kwenye hoteli zenye viyoyozi vya kugandisha vidole, nikisikiliza watu wakieleza kwamba tatizo la bahari yetu ni "mitazamo ya jamii". Ati mvuvi anahitaji kuelimishwa. Hapo ndipo damu hunichemka. Mtu ambaye hajawahi kupanda ndege anasomewa somo la tabianchi na mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Kwa hiyo niliposimama mbele ya yule mzee sikuzunguka. Nilimwambia: aliyelileta hajafunga mengi. Anasema atafunga, lakini bado mkono uko mlangoni.

Ningeweza kuishia hapo, na ningepigiwa makofi. Hasira ya haki ni tamu. Lakini mzee alikuwa ameuliza nusu nyingine pia: kama kufuli halizuii joto, tunafunga ya nini?

Jibu la kwanza la nusu hiyo ni chungu. Tengefu halizuii joto, na halikuahidi hivyo. Kuna jambo lingine ambalo watu wa uhifadhi hawapendi kulitanguliza: mwaka 1998 hifadhi zetu za bahari zilipoteza matumbawe mengi kuliko maeneo yaliyokuwa yakivuliwa. Sababu si fumbo. Ndani ya hifadhi kulikuwa na matumbawe mengi zaidi, hasa yale ya matawi yasiyostahimili joto. Kwingineko nyavu na nanga zilikuwa zimeshayavunja zamani. Aliyetunza vizuri ndiye aliyekuwa na kingi cha kupoteza. Niliwasomea hilo pia, na pakawa kimya kidogo.

Jibu la pili linahusu kinachotokea baada ya joto. Mwamba uliokufa si kaburi lililofungwa. Mabuu ya matumbawe huelea majini yakitafuta mahali pagumu na safi pa kushika. Wakikuta mwani umetanda, hawapati nafasi. Anayesafisha ni pono, yule samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, na tafi, na wengine walao mwani. Pakivuliwa mpaka wakaisha, mwani unatawala. Halafu kuna kikande. Wavuvi wengi humwona samaki wa kawaida tu, lakini kikande hula wale viumbe weusi wa miiba mirefu wanaokuchoma mguu ukikanyaga mwamba maji yakipwa. Kikande akiisha, wale wa miiba wanazaana kupita kiasi na kuusaga mwamba kwa meno yao, usiku na mchana. Mambo haya yamepimwa hapahapa Kenya kwa miongo kadhaa. Maeneo yaliyofungwa yana samaki wengi na wakubwa zaidi, na wale wa miiba ni wachache.

Kwa hiyo nilimwambia mzee: joto ni kama mafuriko. Tengefu halizuii mvua. Linaamua ni nani atakuwa hai kesho yake kuijenga nyumba, na kama ataamka na chakula.

Mjadala haukuishia kwenye maneno yangu, na ashukuriwe Mungu kwa hilo. Vijana kadhaa walitaka tengefu lifunguliwe. Hoja yao haikuwa ya kijinga: kama matumbawe yanakufa hata hivyo, si bora tuvune waliopo kabla hawajaondoka? Kijana mmoja aliniuliza kama mimi mshahara wangu hupungua bahari ikipauka. Haupungui. Aliyebadilisha upepo ni mama karanga mmoja, wale akina mama wanaonunua samaki ufuoni na kuwakaanga kwa kuuza. Alisema yeye hajui mambo ya mwani na mabuu. Anachojua ni kwamba changu anaopata kutoka mpakani mwa tengefu ni wakubwa, na hao ndio wanaolipa karo. Akageukia wanaume. "Mwataka kufungua bahari, na juya la yule tajiri hamlitaji. Mwamwogopa?"

Hapo ndipo mkutano ulipopata moto wa kweli. Juya ni ule wavu mrefu wa kukokota unaozoa kila kitu hadi vifaranga na kukwangua majani ya bahari ambamo samaki hukulia. Limepigwa marufuku Kenya tangu 2001. Lakini kijana anayelivuta huwa si mwenyewe. Mwenye wavu na mwenye mtaji ni tajiri, yaani mnunuzi wa samaki, na kijana ana deni kwake. Askari wakija wanamkamata nani? Si yule aliye na simu mbili na gari. Kwa hiyo hata ndani ya kijiji, dhambi haikugawanywa sawa. Ni dunia nzima ikiwa ndogo.

Pwani tuna neno fungu. Samaki wakishushwa hupangwa mafungu mchangani: hili la chombo, hili la nyavu, haya ya mabaharia. Kila mtu hujua fungu lake kabla ya kunyoosha mkono, na anayelikosea haulizwi mara mbili. Nafikiri hivyo ndivyo tunavyofaa kuzungumza kuhusu wajibu. Kusema "sote tunawajibika" bila kugawa mafungu ni njia ya heshima ya kumficha mwenye fungu kubwa. Lakini kusema "fungu kubwa ni lao" kisha ukaliacha lako mchangani linuke, hilo pia si haki.

Walipiga kura. Hazikupishana sana. Tengefu lilibaki limefungwa mwaka mmoja zaidi, kwa sharti kwamba mwenye juya aitwe mbele ya kikundi kwa jina lake, si vijana wake. Yule mzee alipiga kura ya kufungua. Baadaye tulipokuwa tunakunywa kahawa aliniambia hajashawishika, ila ameelewa. Nilishukuru kwa hilo.

Ukienda kusini zaidi, Gazi, utaona watu walioamua kugeuza fungu lao kuwa mali. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013, unalinda kama hekta 117 za mikoko, na fedha zimeleta maji na kusaidia shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Mikoko hufungia kaboni nyingi kwenye tope lake, na mizizi yake ni nyumba ya samaki wadogo na kamba. Napenda mradi huu. Hata hivyo, kuna kitu kinaniwasha kidogo: pesa hutoka kwa watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Wakifidia na kupunguza, vizuri. Wakifidia ili waendelee, basi mikoko yetu imekuwa kitambaa cha kupangusia mikono.

Sasa nirudi kwa watu wangu wa jiji, maana najua mmekuwa mkisoma haya yote kama habari za Pwani.

Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Unapita Kawangware, unapita katikati ya mji, unapita Gikomba na Korogocho, ukibeba kila tulichoutupia. Unaingia Athi. Athi inateremka hadi Tsavo na kuitwa Galana, kisha inaitwa Sabaki, na kaskazini kidogo mwa Malindi inamwaga kila kitu baharini. Mvua ikinyesha sana, maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba yetu ya milimani na Ukambani, pamoja na uchafu wa jiji. Wakati wa kaskazi, upepo na mkondo huusukuma upande wa kusini, kuelekea Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Tope hulizibia tumbawe jua na kulifunika. Kumbuka kaskazi ndiyo hiyohiyo inayoleta joto. Yaani mgonjwa akiwa na homa, sisi tunamwekea mto usoni.

Hili fungu si la Marekani wala la Ulaya. Ni letu, na si la mirija. Ni la majitaka ambayo kaunti hazijayasafisha, la majumba yanayojengwa hadi ukingoni mwa mto, la vilima vilivyoachwa uchi. Mtu mmoja hawezi kulibeba kwa kujinyima kitu dukani. Linabebwa kwa kuuliza maswali yanayokera: majitaka ya jengo langu yanaishia wapi, bajeti ya kaunti inasema nini kuhusu mto, aliyejenga pale alipewa kibali na nani. Tumewahi kufaulu. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wengi tuliapa kwamba haitawezekana Kenya. Mama mboga alizoea. Wewe pia ulizoea. Haikuwezekana kwa sababu kila mtu alikuwa mwema ghafla. Iliwezekana kwa sababu ilikuwa sheria, na ilimgusa mwenye kiwanda kabla ya kumgusa mwenye kikapu.

Kuhusu fungu kubwa lile la mbali, tuendelee kulidai bila haya, kwenye mikutano ya dunia na kwenye kura zetu. Na tulidai tukiwa na mikono iliyofanya kazi. Kijiji kilichofunga bahari yake na kula hasara kina haki ya kumuuliza yeyote duniani amefunga nini. Mji unaomwaga kinyesi mtoni una haki hiyo pia, lakini sauti yake inakwama kooni.

Leo jioni ukiwa kwenye matatu, ukavuka daraja lolote la mto huo, ondoa macho kwenye simu kidogo uangalie chini. Yale maji meusi hayaishi pale. Yanaelekea Malindi, na yatafika.